Wawili Wasiokaa Kitandani

Wodi ya wajawazito, kitanda cha dirishani
Jumanne, 5 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefika salama na nimelazwa. Nikisema nimelazwa, nimelazwa kwelikweli: daktari amenikataza kushuka kitandani hata kuchungulia dirishani. Mtoto wa tumboni bado mdogo na ana haraka ya kutoka. Haraka hiyo sijui kairithi kwa nani, maana baba yake hata kuoga anaahirisha. Nikitulia mpaka mwishoni mwa mwezi wa nne tutampata mzima. Nikianza kuzurura, atatangulia kabla mapafu yake hayajakomaa. Wameinua vyuma pande zote mbili za kitanda ili nisisahau.

Kwa hiyo mimi na Kiroboto sasa tuko sawa, kila mtu na kizuizi chake. Tofauti ni kwamba yeye ana mwaka mmoja na miezi minane, na mimi nimeahidi kutulia.

Nimekupigia simu tangu jana, inaita tu. Huko Baba Kiroboto anakojenga daraja mtandao hauna hata harufu, na wamewaambia hakuna likizo mpaka nguzo za katikati zisimame. Nimeona nikuandikie. Dereva wa gari la mikate anayeshusha mikate hapa hospitali hupita mtaani kwetu kila asubuhi, amekubali kubeba barua zetu.

Kuhusu usiku. Kiroboto analala kwenye kitanda chake cha fito chumba cha kati, wewe lala chumbani kwetu, milango iwe wazi. Huwa anaamka mara moja au mbili na kuita. Ana sauti ya muuza magazeti, utamsikia tu. Usimkimbilie; mara nyingi anaita kidogo, anageuka, analala. Akizidisha ndipo uende, umpapase mgongo, usimtoe.

Jambo moja tu linanikosesha raha. Wiki iliyopita alianza kusimama na kurusha mguu juu ya ubavu wa kitanda. Shusha godoro mpaka chini kabisa, leo leo, kabla hajagundua kwamba anaweza kuvuka. Baba yake alisema atafanya, akaondoka.

Umeacha nyumba yako uje kumlea mtoto wa mwanao; ukichoka sema bila aibu, Mama. Dada yangu yuko tayari kumchukua wakati wowote.

Mwanao,
Mama Kiroboto


Nyumbani
Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu, marahaba.

Barua yako imefika inanukia mkate, nusura niitafune. Simu yangu ina ugonjwa wake, usiihangaikie. Barua ni bora. Haikatiki katikati, na mtu akinigombeza naikunja naiweka mfukoni.

Mume wangu hajambo. Ndiyo, mume wangu. Wewe umeolewa na mwanangu, mimi nimeolewa na mwanao, hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Anakula, anacheza, na jana alifua viatu vyangu ndani ya ndoo bila kutumwa.

Lakini huyo muuza magazeti uliyeniandikia mimi simjui. Huyu wa kwangu ni mpole, hana kelele hata chembe. Akitaka maji anakuja ananivuta gauni. Akitaka kubebwa ananigonga goti. Usiku ndio kabisa, kimya mpaka kunakucha. Nadhani nyinyi mlimzoesha makelele kwa kumkimbilia kila akikohoa.

La godoro nimekuelewa, ondoa wasiwasi. Na dada yako mwache apumzike, ana watoto wake wa kumtosha. Sisi hatujachoka.

Lala, mwanangu. Kazi yako sasa ni moja, na watu wengi wanaililia.

Bibi Kiroboto


Wodini
Jumapili, 10 Machi

Mama, shikamoo.

Leo sina utani. Barua yako ya jana ina mistari miwili: "Sote wazima. Hatuna la zaidi." Nikaiweka chini ya mto nikafurahi. Leo asubuhi dereva wa mikate ananisifia mwanangu, anasema mtoto mchangamfu sana, hata na lile nundu kwenye paji la uso, kubwa kama yai, bado anacheka. Masikini, alikuwa ananipa pole. Hakujua kwamba sijui.

Nundu gani, Mama? Limetoka wapi? Alianguka kitandani? Godoro ulilishusha au hukulishusha? Na yule tembo wake mkubwa wa kitambaa bado yumo kitandani pamoja na mito? Anaweza kumkanyaga kama ngazi. Sikufikiria kukuandikia hilo.

Nimelala hapa natazama dari. Mwenzangu wa kitanda cha pili anasema nimepumua kwa hasira mpaka pazia linacheza. Niandikie yote, hata yakiwa mabaya.

Mama Kiroboto


Nyumbani
Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu, marahaba.

Njia ya mwongo fupi, na yangu imekatwa na gari la mikate. Sawa, sikiliza.

Ijumaa kulipopambazuka niliamka, nikateremsha mguu, nikakanyaga kitu laini. Ni yeye. Amelala sakafuni pembeni ya kitanda changu, amejikunja, ameshika ncha ya shuka langu. Nundu hilo, na mashavuni michirizi ya machozi yaliyokwisha kukauka. Nilimbeba nikatoka naye hata viatu sikuvaa mpaka kwa daktari wa zahanati. Alimmulika macho, akamkandakanda kichwa, akaniambia nimwangalie kama atatapika au kulegea. Hakutapika wala hakulegea. Alikula uji bakuli mbili, na sasa lile yai limebaki la njiwa.

Sikukuandikia kwa sababu ulisema ukizurura mtoto wa tumboni atatangulia. Nikajisemea, mkubwa ni jalala, acha hili nilibebe mimi.

La godoro nalo nakuomba radhi. Nilikuelewa, ila sikupendezwa na nilichokielewa. Kulishusha mpaka chini kabisa! Mjukuu wangu ana kitanda alichochongewa na baba yake kwa mikono yake, leo alazwe sakafuni kama paka aliyepotea? Nikaona hospitali imekutia homa. Nikaliacha palepale lilipo. Tembo naye yumo, nilimwonea huruma kulala peke yake nje.

Sikuamka alipoanguka. Nilikuwa usingizi mzito.

Bibi Kiroboto


Wodini
Jumanne, 12 Machi

Mama, shikamoo.

Nimecheka mpaka muuguzi amekuja kuangalia, halafu nikalia hapohapo mbele yake. Mama yangu, sikumaanisha sakafuni! Kitanda hicho kina matundu matatu kwenye miguu, juu, katikati na chini. Unafungua bolti, unashusha chaga mpaka tundu la chini, godoro linakaa juu yake, na ubavu wa kitanda unamfika kidevuni. Ndiyo maana ya kushusha. Kosa ni langu, nimeandika kama fundi anayeongea na fundi mwenzake.

Tafadhali lifanye leo. Tembo na mito vitoke. Na kisogezwe mbali na dirisha.

Nimemshonea kitu. Nimekaa na sindano tangu jana, nimeomba shuka kuukuu la wodi. Ni vazi la kulalia: juu lina mikono kama shati, chini limezibwa kama mfuko. Anaweza kugeuka na kujinyoosha, ila hawezi kupandisha mguu mmoja peke yake. Zipu iko mbele.

Halafu nina wazo. Tafuta kengele ndogo uifunge kwenye mlango wa chumba chake. Akitoka, mlango ukiguswa tu, itakuamsha.

Kuna jambo linanizunguka kichwani, usinichukie. Alianguka kutoka urefu ule kwenye saruji, akalia mpaka machozi yakakauka, akatembea mpaka kwako, na hukuamka. Umechoka kiasi hicho, Mama? Kama umechoka, dada yangu atakuja kesho.

Mama Kiroboto


Nyumbani
Ijumaa, 15 Machi

Mwanangu, marahaba.

Chaga zimeshuka. Fundi baiskeli wa pale kona amekuja na spana yake, amemaliza kabla chai haijapoa, na kitanda tumekisogeza ukutani mbali na dirisha. Tembo amehamia kwangu, anakoroma.

Sasa lile gunia lako. Mwanangu, nimefanya kazi kwenye mashine ya unga miaka yote ile, nikastaafu nikasema magunia basi, kumbe mkwe wangu ananishonea jingine na ndani yake kaweka mjukuu! Siku ya kwanza alisimama ndani yake akashangaa miguu yake imekwenda wapi. Siku ya pili aliruka nalo chumba kizima kama chura. Siku ya tatu aliishusha zipu, akalivua, akalikunja, akalikanyaga, akavuka. Mimi nilimkuta tena sakafuni, mara hii hana hata mkwaruzo, amelala na ncha ya shuka langu mkononi.

Kwa hiyo nimeongeza na ujuzi wangu. Nimefunga kamba kwenye fito ya kitanda chake, nimeipitisha mlangoni, nimeifunga kwenye kifundo cha mkono wangu. Akitikisa kitanda, mimi natikisika. Hiyo ndiyo dawa. Kengele nimeiacha, kengele ni za mbuzi.

Tulia huko. Hatujachoka.

Bibi Kiroboto


Wodini
Jumamosi, 16 Machi

Mama,

Fungua kamba hiyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Nakusubiri.

Mtoto anayejua kuvuka kitanda anajua na kuivuta kamba, na ikimzunguka shingo hapigi hata ukelele. Hakuna kamba kitandani, wala ya pazia, wala ya kaptula. Kuna mama hapa wodini alitusimulia habari ya mtoto wa jirani yake, sitaki hata kuiandika.

Na sasa nakuuliza kama mwanao, siyo kama mkwe. Nimekuambia kengele, umekataa kengele. Simu inaita, hupokei. Umefunga kamba mkononi kama mbuzi uliyemsema, ili utikisike. Kwa nini kamba, Mama? Masikio yako yana nini?

Mama Kiroboto


Nyumbani
Jumapili, 17 Machi

Mwanangu,

Kamba nimeifungua, nimeitia motoni.

Umeuliza masikio yangu yana nini. Hayana kitu, ndiyo shida yake.

Niliingia mashineni Baba Kiroboto akiwa tumboni, nikatoka ameshakuoa. Mle ndani hakuna kuitana. Mashine inanguruma tangu asubuhi, hata ukimpigia mtu kelele sikioni ataona mdomo tu unacheza. Ukimtaka mwenzako unamgusa. Bega, maana yake leta gunia. Kiwiko, zima mashine. Mgongo, kula. Tuliongea siku nzima bila neno, tukachekana, tukagombana, tukapatana. Masikio yaliacha kazi lini sijui, maana hayakuaga. Nilipostaafu nikadhani dunia imetulia kwa kuniheshimu.

Mchana nawasoma midomo, na mkiongea taratibu napata maneno mengi. Ndiyo maana nakaa nikikutazama usoni ukadhani nakupenda sana. Nakupenda, lakini pia nilikuwa nakusoma. Simu haina ugonjwa wowote. Ninaiona ikitetemeka mezani, nikiipokea nasikia kama mtu anamwaga mchanga. Usiku taa ikizimwa sina masikio wala midomo ya kusoma. Hapo mtoto anaweza kuimba kwaya.

Nilificha kwa sababu kila barua yako ilikuja na dada yako ndani yake. Nikajua nikisema mimi kiziwi, mtasema kwa upole kabisa, Mama apumzike. Namfahamu mzee aliyepumzishwa. Anapewa kiti kizuri, na hapewi mtoto tena. Niliogopa kiti hicho kuliko kitu chochote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na paji la uso la mtoto asiye na kosa.

Sijalala tangu jana, nimekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda chake na taa inawaka. Siwezi kufanya hivyo mpaka mwezi wa nne. Uamuzi ni wako. Ukisema dada yako aje, nitazikunja nguo za mtoto mwenyewe, na sitakulaumu.

Mama wa mumeo


Wodini
Jumatano, 20 Machi

Mama, shikamoo.

Nimekasirika. Sikukujibu tangu Jumapili kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Wiki mbili nakuandikia "akiita", "utasikia", na wewe unanijibu "nimekuelewa". Ningejua, ningepanga mengine. Kichwa cha mwanangu siyo mahali pa kufichia siri, Mama. Nimelisema, sitalirudia.

Sasa nikuambie langu. Jumatatu usiku niliamua kurudi nyumbani. Nikavaa viatu hapohapo kitandani, nikasubiri wodi ilale, nikapitisha mguu wa kwanza juu ya chuma. Wa pili ukakataa. Tumbo lilikuwa huku, mimi niko kule, siwezi kwenda wala kurudi, nikabaki nimeanikwa kama nguo. Mtoto alinipiga teke moja ambalo sitalisahau. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Muuguzi wa zamu alinikuta hivyo. Hakupiga kelele. Alinishika kiuno, akashusha chuma, akanirudisha polepole, na nikamsubiri anigombeze. Akaniuliza tu, "Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Hakuuliza wapi, Mama. Aliuliza kwa nani. Wamenipima, mtoto yuko palepale, hajatangulia. Lakini swali hilo limenikalisha macho siku mbili.

Kiroboto hakuwa mpandaji. Kabla sijaondoka alikuwa anarusha mguu kwa mchezo, anacheka, anakaa. Usiku alikuwa anaita, naye anaitikiwa, basi. Kwako aliita. Hukuitika. Akapanda, akaanguka, akainuka na nundu lake, na hakwenda mlangoni, hakwenda jikoni. Mara zote mbili umemkuta pembeni yako, ameshika shuka lako. Hatoroki kitanda, Mama. Anakufuata wewe.

Na mchana je? Anakuvuta gauni. Anakugonga goti. Mtoto mwenye sauti ile hanyamazi ghafla kwa sababu ya upole. Nilisoma barua yako ya kwanza upya nikaona aibu. Mimi hukaa nyumba moja na wewe kila ukitutembelea, sikujua. Mwanao uliyemzaa hajui. Huyu mwenye mwaka mmoja na miezi minane alijua ndani ya siku mbili kwamba Bibi haitwi kwa mdomo, akabadilisha namna ya kukuita.

Simwiti dada yangu. Ila tunabadilisha kila kitu. Fito zimemaliza kazi yake, kwa sababu ameshajua kuvuka, na tukiongeza urefu tunaongeza tu anguko. Sasa lile ulilolielewa vibaya ndilo ninalolitaka: godoro sakafuni kabisa, chumbani kwako, upande usio na dirisha. Chumba chote kiwe kitanda chake. Kabati lipigwe misumari ukutani, asije akavuta droo likamwangukia. Ndoo za maji zitoke, hata ile ndogo. Pasi, dawa, waya, sarafu, vyote juu au nje, na mlango ufungwe ili jikoni asiende. Asizuiwe kushuka. Ashuke, na akishuka asikute kitu cha kumuumiza, akukute wewe.

Nimebaki kitandani. Nataka barua moja ya kweli baada ya usiku mmoja mzima. Ikiwa nzuri, nitalala. Ikiwa mbaya, iandike hivyohivyo na dada atakuja, na bado utakuwa mama yangu.

Mwanao,
Mama Kiroboto


Nyumbani
Jumapili, 24 Machi

Mwanangu, marahaba, marahaba tena.

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni. Nilipofika pale unaposema alijua ndani ya siku mbili, nikakaa chini palepale nikalia. Mume wangu akaja, akanigusa mgongo. Mashineni hiyo maana yake ni kula, nikacheka na machozi yangu, nikaenda kumpa uji.

Hasira zako nimezipokea zote. Zilikuwa zangu.

Chumba tumekianza Alhamisi. Fundi baiskeli kapiga kabati misumari mpaka ukuta ukauliza kuna nini. Ndoo zimehamia nje, pasi iko juu ya kabati la jikoni, mapazia nimeyakata yaishie dirishani. Nikadhani nimemaliza. Halafu nikajiambia, wewe unatazama chumba kwa urefu wako. Nikalala kifudifudi nikatambaa kila pembe kama yeye. Mwanangu! Chini ya kitanda niliokota sindano, kifungo, na kidonge changu cha presha nilichokitafuta wiki ile niliyofika. Kiuno kilinitaka nibaki hukohuko, lakini sasa sakafu hiyo naijua kuliko uso wangu.

Godoro lake liko ukutani. Kitanda changu nimekitoa nje, na godoro langu nimelitandika kwa upana wake mlangoni. Anayetaka kutoka chumba hiki lazima apite juu ya tumbo la bibi yake, na tumbo hilo halina shida ya kuhisi.

Sasa usiku wenyewe, kama ulivyoagiza, bila kuongeza wala kupunguza. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Alipoona hakuna fito alidhani ni sherehe. Anashuka, anakimbia, namrudisha, namfunika, hakuna maneno wala michezo. Anashuka, namrudisha. Nilichoka mimi kabla yake, lakini sikumwonyesha. Mwisho akalala kichwa kikiwa miguuni. Nami nikazima taa, na nakiri niliogopa giza kama mtoto.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Niliota niko mashineni na mtu ananitaka. Nikafumbua macho, kuna mkono mdogo umelala juu ya shavu langu. Haukunivuta wala haukunipiga, umewekwa tu, unasubiri. Nikasema, "Abee, mume wangu."

Niliinuka nikawasha taa, nikampa maji, hakuyataka. Nikamwangalia nguo, kavu. Hakutaka chochote, mwanangu. Alinitazama mdomo, akacheka, akarudi kwenye godoro lake kwa miguu yake mwenyewe, akalala mpaka jua likaingia ndani. Usiku uliofuata alikuja tena mara moja. Nikaitika, akaenda. Jana hakuja kabisa, na mimi ndiye niliyeamka nikaenda kumgusa kuona kama yupo.

Mwanangu wa darajani nimemwandikia mwenyewe habari za masikio, asizisikie kwa dereva wa mikate. Na ukirudi tutakwenda wote nikapimwe. Wakinipa kile kidude cha kuweka sikioni nitakivaa, mradi kisilie kama mbuzi.

Hiyo ndiyo barua yako ya kweli. Lala sasa.

Bibi Kiroboto


Wodini
Ijumaa, 26 Aprili

Mama, shikamoo.

Amezaliwa jana mchana. Binti, mzito kuliko walivyotarajia, na mapafu yake daktari amesema hayana mjadala. Nililala, Mama. Tangu barua ile nililala kama nilivyoagizwa, mpaka muuguzi akanitania kwamba wamebadilishiwa mgonjwa. Baba yake amefika na vumbi la darajani, akaambiwa akaoge kabla ya kumshika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuahirisha. Amemshika mwanawe kama mtu aliyepewa glasi ya watu.

Ameniambia mambo mawili. La kwanza, kitanda cha fito atakiandaa kwa ajili ya huyu, chaga juu, na atazishusha mwenyewe mtoto akianza kukaa, asingoje kuandikiwa barua. La pili, alipokwenda nyumbani kuoga amekukuta umepanga nguo zako kwenye sanduku, umemwambia kwamba mwenye nyumba akirudi, mgeni huaga. Mama, zitoe. Mgeni nani? Chumba kile kimepigwa misumari kwa ajili yenu wawili, na sisi hatuna nguvu ya kuing'oa.

Tunatoka Jumatatu. Nakuonya mapema kwamba huyu siyo mpole. Akianza kulia wauguzi wa wodi ya pili wanakuja kuuliza. Nadhani huyu, Mama, hata wewe utamsikia. Na usipomsikia, kaka yake anajua pa kukugusa.

Mwanao,
Mama wa wawili